Kwenda saa 8, kurudi saa 7

SWALI: Umbali kati ya London na New York haubadiliki. Mbona kurudi London huchukua muda mfupi zaidi?

JIBU: Ni upepo. Kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, London, hadi ule wa JFK, New York, ni takriban kilomita 5,540, na ndege hupasua hewa kwa karibu kilomita 900 kwa saa pande zote mbili. Lakini huko juu, kwenye kilomita 10 hivi, upepo mkali huvuma kuelekea mashariki, hasa majira ya baridi. Anayerudi London husukumwa.

Usikadirie muda kwa kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, maana tiketi huandika saa za kila mji. Ukiondoka London saa 4 asubuhi ukafika saa 7 mchana, ongeza tofauti ya saa 5: umesafiri saa 8, kuanzia getini hadi getini.