Draivu Kubwa Haichaguliwi kwa Kilowati

Msomaji mmoja anayesomea umeme ameniuliza afanye kozi gani ili aanze kushika draivu kubwa za mota (vifaa vya kuongoza kasi ya mota), zile za kilowati mia kwenda juu. Najua hayuko peke yake. Wengi wenu mmechoka kufunga soketi na mnataka siku moja kiwanda kikisimama, simu ipigwe kwenu. Hata mimi nilitaka hivyo. Miaka ya kubeba ngazi na kuvuta kebo nitairuka, haina utamu wowote.

Kazi iliyonifungua macho ilikuwa kwenye kiwanda cha plastiki pembeni mwa barabara ya Lunga Lunga. Mota ya kilowati 200 inazungusha skrubu ya kuyeyushia plastiki, na draivu yake ilikuwa inaunguza IGBT, yaani swichi za kielektroniki zilizo ndani yake, zikibadilishwa zinaungua tena. Wenye kiwanda walikuwa na draivu ya aina hiyohiyo Mombasa, inapiga kazi bila kukohoa, kwa hiyo meneja alishaamua kwamba hii ya Nairobi ni feki. Mimi nilipelekwa pale kama kibarua wa kampuni moja ya watu wa kuvaa tai. Maagizo: badilisha IGBT, funga mlango, njoo.

Sasa sikiliza. Draivu inachukua stima ya volti 415, rektifaya inaigeuza kuwa DC ya kama volti 560 hadi 590, kapasita zinaituliza, halafu IGBT zinaikatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili mota ipate masafa unayoyataka badala ya 50 Hz za laini. Kila mkato unatoa joto. Hata ufanisi ukiwa asilimia 97, kwenye kilowati 200 una kama kilowati 6 za joto ndani ya kabati, na joto hilo linaondolewa na hewa inayosukumwa na feni.

Hewa yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Ampea zinazoandikwa kwenye draivu nyingi ni za mwinuko usiozidi mita 1,000. Ukipita hapo, kitabu kinakwambia upunguze kama asilimia 1 kwa kila mita 100, maana hewa nyepesi haibebi joto vizuri. Nairobi tuko juu ya mita 1,600. Draivu ile iliandikwa ampea 360. Toa asilimia 6, unabaki na kama 338. Bati la mota, lile lenye maelezo yake, lilisoma ampea 345, zaidi ya draivu ilivyoweza. Mombasa wako usawa wa bahari, na draivu yao imewekewa chumba chenye kiyoyozi.

Tena hizo 360 zilikuwa za mzigo mwepesi, wa feni na pampu. Feni ukiipunguza kasi hadi asilimia 80, nguvu inayokula inashuka hadi karibu nusu. Skrubu ya plastiki haina huruma hiyo, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inabaki palepale hata kasi ikishuka, kwa hiyo ilipaswa kusomwa ile safu nyingine ya kitabu, ya mzigo mzito, ambayo ampea zake ni chache zaidi. Namba ya kilowati ni kama namba ya viatu vya mitumba sokoni Gikomba: soma, halafu bado ujaribishe mguu.

Lakini draivu ikipata moto si inajizima? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Nilisubiri kapasita ziishiwe chaji, nikapima kati ya DC chanya na hasi hadi mita ikasoma karibu sifuri (usiamini taa ya paneli, nakuomba), nikatoa kadi ya juu. Nyaya mbili za kipima joto zilikuwa zimekatwa. Kwenye plagi yake mtu alikuwa amelehemu rizista ndogo na kuizungushia tepu nyeusi. Draivu ilikuwa inadanganywa kwamba kuna baridi mchana kutwa, ili isizime na kusumbua watu wa uzalishaji.

Nilirudisha kipima joto, nikasafisha vichujio vilivyojaa vumbi la plastiki, nikashusha masafa ya kukata kutoka 4 kHz hadi 2. Mota ikaanza kulia kwa sauti ya ajabu, ila joto likashuka, wakaendesha kwa mzigo mdogo hadi draivu kubwa zaidi ilipofika. Ripoti iliandikwa na wale wa tai. Jina langu halimo. Meneja aliwashukuru wao mbele yangu, mimi nikiwa nimeshika bisibisi.

Kwa hiyo kozi fanya yoyote, lakini soma kitabu cha draivu chote, hasa kurasa za nyuma ambazo mafundi hawafiki. Piga picha bati la mota. Soma ampea. Nimesema ampea. Uliza mzigo ni wa nini na kabati linapumulia wapi. Na vijana, acheni kuuza akili zenu kwa bei ya kibarua! Andika ripoti yako mwenyewe, tia sahihi, mtumie mwenye kiwanda kabla hujatoka getini.

Kampuni ile ilinipigia juzi, kuna draivu nyingine imelala Athi River. Nimewaambia nataka LPO, hati rasmi ya kuagiza kazi, yenye jina langu. Hawajajibu, na mimi sina haraka.