Laini ya 24 Mbps au faiba ya 20 Mbps?

Swali: Ofisi yetu ya uwakili ina watu sita, na hadi sasa tunatumia modemu ya laini ya simu ya mkononi. Mtoa huduma mmoja anatupa ADSL2+, yaani intaneti ya hadi 24 Mbps (megabiti kwa sekunde) kupitia waya wa simu ya mezani. Mwingine anatupa faiba ya 20 Mbps kwa bei ya juu kidogo. Kwa nini tulipe zaidi tupate kasi ndogo?

Jibu: Takwimu hizo mbili hazipimi kitu kimoja. Ile 24 ni kasi ya kupakua peke yake, tena ni kikomo anachoweza kukifikia mteja aliye karibu sana na kituo cha simu, kwa sababu mawimbi hufifia ndani ya waya wa shaba kadiri umbali unavyoongezeka. Kasi ya kupakia kwenye laini ya aina hiyo kwa kawaida huwa kama 1 Mbps, na ofisi ya mawakili hupakia kuliko inavyodhani: mikataba iliyoskaniwa, nakala za akiba, mikutano ya video.

Chukueni jalada moja lililoskaniwa lenye megabaiti 200. Baiti moja ni biti 8, hivyo jalada hilo ni megabiti 1,600; kwa 1 Mbps litachukua karibu dakika 27, ilhali kwa 20 Mbps litachukua sekunde 80. Katika dakika hizo 27, ofisi nzima itaona intaneti imekwama, kwa kuwa hata anayefungua ukurasa tu hulazimika kutuma maombi madogo kwenye njia ileile iliyojaa. Kwa hiyo ningechagua faiba, mradi mtoa huduma athibitishe kwa maandishi kwamba 20 hiyo ni ya kupakia pia, maana zipo faiba zinazouzwa na kasi ya kupakia iliyopunguzwa.

Laini nzuri haitafaa kitu mtandao wa ndani ukiwa mbovu. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi iliyokuwa imegombana na mtoa huduma wake kwa miezi kadhaa, nikakuta ruta imewekwa nyuma ya kabati la chuma la mafaili. Kompyuta za mezani ziunganisheni kwa kebo. Kebo ya aina ya Cat5e hubeba hadi 1,000 Mbps kwa umbali wa mita 100, na waifai muwaachie wenye simu na kompyuta mpakato. Wateja wanaosubiri mapokezi wapeni mtandao wao wa wageni, uliotengwa na ule unaofikia majalada, na nenosiri la ruta lililotoka kiwandani libadilishwe siku hiyohiyo mtakayowekewa laini.

Modemu yenu ya sasa msiitupe. Ruta nyingi za ofisi huweza kuhamia kwayo zenyewe faiba ikikatika. Umeme nao ukumbukeni: kisanduku cha faiba na ruta vyote vinahitaji umeme wa jengo, kwa hiyo viunganisheni kwenye UPS (betri inayoendelea kutoa umeme ukikatika), ambayo kwa vifaa vidogo kama hivyo haihitaji kuwa kubwa. Anwani ya IP isiyobadilika (namba ya kudumu inayoitambulisha ofisi kwenye intaneti) lipieni ikiwa tu kuna mtu anayehitaji kuifikia seva ya ofisi akiwa nje. Na kabla ya kutia saini, angalieni mkataba unasema hitilafu itashughulikiwa ndani ya saa ngapi. Vifurushi vya nyumbani mara nyingi havitoi ahadi hiyo.