Je, pwani ya Tanzania haikuwahi kupigwa na kimbunga kabla ya Hidaya?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Naishi Kilindoni, Mafia. Tangu Kimbunga Hidaya kitupitie Mei 2024, barazani hatuishi kubishana. Wapo wanaosema pwani yetu haijawahi kupigwa na kimbunga, kwamba haya ni ya tabianchi tu. Ni kweli? Na mbona wenzetu wa Msumbiji hupigwa mara kwa mara?

Jibu: Marahaba. Nianze na Msumbiji, maana humo ndimo lilimo jibu la yote.

Penye mgandamizo mdogo wa hewa, upepo hukimbilia katikati. Lakini kwa sababu dunia inazunguka, upepo huo hupindishwa njiani, ukaanza kuzunguka badala ya kuingia moja kwa moja. Huku kusini mwa ikweta huzunguka kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Kani hiyo ya kupindisha, iitwayo kani ya Coriolis, kwenye ikweta ni sifuri, na huongezeka kadiri unavyosogea mbali nayo. Ninyi Mafia mko karibu digrii 8 kusini. Kisiwa cha Msumbiji kipo digrii 15. Kani mnayoipata ni kama nusu ya ile ya wenzenu. Bahari yenu inaweza kuwa na joto la kutosha kabisa, lakini bila kani hiyo kimbunga hakijisokoti vizuri.

La pili ni njia. Vimbunga vingi vya upande wetu wa Bahari ya Hindi huja vikielekea magharibi, kisha hukata kona kwenda kusini, vikaangukia Madagaska au Msumbiji. Ili kiwafikie ninyi, lazima kipite juu ya ncha ya kaskazini ya Madagaska na kisikate kona. Hata kikifanya hivyo, chaweza kufifia kingali baharini, kama Jobo cha Aprili 2021.

Sasa historia, na hapa naomba wanabaraza wanisikilize. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja. Kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa na kuzamisha meli za Sultani Barghash, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili madarakani. Ile meli Glasgow iliyozama mbele ya Mji Mkongwe katika vita vya Waingereza na Zanzibar vya 1896 ilijengwa kuziba pengo hilo. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu hadi leo. Kisha Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi.

Angalieni miezi, mkihesabu na Jobo na Hidaya: Aprili, Aprili, Aprili, Mei. Kaskazi imekwisha, Kusi haijashika, na maji ya pwani yana joto kuliko wakati wowote wa mwaka.

Kwa hiyo, si kweli kwamba haikuwahi kutokea. Kuhusu tabianchi, bahari inaongezeka joto, na joto ndilo chakula cha kimbunga. Mvua zake pia huwa nzito zaidi. Hilo nalikubali bila kusita. Lakini matukio haya manne katika zaidi ya miaka 150 ni machache mno kupimia kama vimbunga vinaongezeka kwetu. Anayesema Hidaya peke yake ni ushahidi anakosea, na anayesema havitarudi anakosea vibaya zaidi. Masika ikifika, taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisikilizwe kabla ya ngalawa kushushwa majini.