Kwa nini maoni ya kwanza hushinda kila mara?

SWALI: Ninaendesha jukwaa la mijadala lenye wanachama elfu chache. Maoni yenye laiki nyingi hukaa juu. Kila mjadala, ndani ya saa moja upande mmoja umeshatawala na wengine wamenyamaza. Je, ni kweli wanakubaliana kiasi hicho, au tatizo ni mfumo wangu?

JIBU: Naushuku mfumo kwanza. Mwaka 2013 Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio lililohusu maoni zaidi ya 100,000 kwenye tovuti moja ya habari. Baadhi ya maoni, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, yalipewa kura moja ya kuunga mkono mara tu yalipoandikwa. Kura hiyo moja ilipandisha alama zao za mwisho kwa wastani wa asilimia 25. Kura ya kupinga iliyopandikizwa vivyo hivyo haikufika mbali, kwani wasomaji waliisawazisha. Ndiyo maana sifa za mapema hunitia wasiwasi kuliko pingamizi.

Kwako namba na mpangilio vinasaidiana. Maoni ya juu husomwa zaidi, hivyo hupata laiki zaidi, hivyo hubaki juu. Hoja nzito iliyoandikwa saa tatu baadaye haifikiwi na mtu. Mwenye mtazamo tofauti akifungua ukurasa hujiona yuko peke yake, akaufunga bila kuandika neno. Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana kimya chake hakionekani popote kwenye takwimu zako, na wewe unakihesabu kuwa ni kukubali.

Ficha idadi ya laiki kwa saa chache za mwanzo, na katika muda huo changanya mpangilio ili kila msomaji akute maoni tofauti juu. Kuficha namba peke yake hakutoshi, kwa sababu nafasi nayo inasema.

Baada ya hapo, usipange kwa jumla ya laiki. Hesabu ni wangapi waliyaona maoni hayo: laiki 8 kutoka kwa watu 20 ni nyingi kuliko 40 kutoka kwa watu 400. Waliosoma wakiwa wachache mno, uwiano hudanganya, kwa hiyo tumia kikomo cha chini cha Wilson, yaani hesabu ya takwimu inayokadiria uwiano kwa tahadhari: kadiri waliosoma walivyo wachache, ndivyo inavyoushusha zaidi. Jukwaa la mijadala la Reddit lilianza kukitumia kupanga maoni mwaka 2009.

Anza na nusu ya mijadala, ukiichagua kwa bahati nasibu. Baada ya mwezi, linganisha nusu hizo mbili: ni wanachama wangapi tofauti walioandika kutetea kila upande wa mjadala.