Swali la lugha: Ni msaliti, haini, au amewageuka tu?

SWALI: Mimi na wenzangu wanne tunaitazama upya Battlestar Galactica, ile tamthilia ya kisayansi iliyorushwa kuanzia 2004 hadi 2009, na kila tukimaliza sehemu moja tunabishana. Mmoja wetu anawaita Baltar, Boomer, Ellen na Gaeta wote "wasaliti". Mwingine anashikilia kwamba neno sahihi ni "wahaini", kwa kuwa ni wakati wa vita. Mimi naona Boomer hakumsaliti mtu, maana hakujijua. Je, Kiswahili kinasemaje? Mtu anaweza kuwa msaliti bila kujua?

JIBU: Asiyeimaliza tamthilia hii aache kusoma hapa, kwa sababu nitagusa mambo ya mwishomwisho na sitaki kumharibia uhondo.

Kwa wengine, kwa ufupi hadithi ni hii: wanadamu waliunda mashine ziitwazo Cylon, mashine zikawaasi, na miaka mingi baadaye zikarudi zikiwa na sura ya watu, zikateketeza makoloni yote 12 kwa siku moja. Walionusurika wanakimbia kwa vyombo vya angani, wakiongozwa na meli ya kivita iitwayo Galactica, na kati yao wamo Cylon wanaofanana nao kabisa. Katika hali hiyo, swali la nani yuko upande wa nani haliwezi kwisha.

Ugomvi wenu naona umeanzia kwenye nomino. Mnagombania "msaliti" wakati jibu limelala kwenye kitenzi. Kusaliti ni kitenzi elekezi, yaani kinadai mtendwa. Mtu akikwambia "Ellen amesaliti" kisha akanyamaza, utamuuliza hapohapo: amemsaliti nani? Ndiyo maana tunasema amemsaliti, amewasaliti, ameisaliti nchi, ameisaliti ahadi yake. Kile kiambishi kidogo kinachokaa kabla ya shina ndicho kinachobeba shtaka lote. Ukigeuza kitenzi kuwa nomino, kiambishi kinadondoka. "Msaliti" hana mtendwa. Kila mmoja wenu basi anamjazia wa kwake kimoyomoyo, halafu mnabishana mkidhani mnasema jambo moja.

Mchukueni Ellen Tigh. Wanadamu wako chini ya utawala wa Cylon, mumewe Saul ndiye kiongozi wa wapiganaji wa siri na ameshang'olewa jicho gerezani. Cylon mmoja anamwambia Ellen kwamba asipotoa habari, mumewe atarudishwa kule. Ellen anaichukua ramani ya mahali wapiganaji watakapokutana, anaikabidhi. Wapiganaji wanaviziwa. Mumewe, akijua alichofanya na kwa ajili ya nani, anampa kikombe chenye sumu na kumkumbatia mpaka anakata roho.

Je, Ellen ni msaliti? Rudisheni kiambishi. Aliwasaliti wapiganaji: kweli, hakuna ubishi. Alimsaliti mumewe: hapana, wapiganaji aliwasaliti kwa sababu alikataa kumwacha mumewe. Sentensi hizo mbili zinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, lakini "Ellen ni msaliti" na "Ellen si msaliti" haziwezi. Nomino imewalazimisha mchague pale ambapo kitenzi kingewaruhusu mseme ukweli wote.

Tena, kitenzi kina wakati. "Aliwasaliti" ni siku moja, tendo moja. "Msaliti" hana jana wala leo. Ni jina ambalo mtu hulala nalo na kuamka nalo. Ndiyo maana linauma kuliko kitenzi, na ndiyo maana mimi binafsi nalitumia kwa uchache.

Kuna kitenzi chetu wenyewe ambacho hamkukitaja na kingewafaa sana: kumgeuka mtu. Sikilizeni tofauti. "Amegeuka" ni kwamba amebadilika, pengine hata kwa wema. "Amemgeuka" ni kwamba aliyekuwa naye jana leo anapambana naye. Herufi moja tu, m, imeleta uadui! Athena, yule Cylon aitwaye Sharon aliyempenda Helo, askari wa kibinadamu, akavaa sare ya wanadamu, amegeuka machoni pa Galactica. Machoni pa Cylon wenzake amewageuka. Ni mtu yuleyule, kwa hatua ileile. Uzuri wa "kumgeuka" ni kwamba hakutoi hukumu kali kama kusaliti. Kunataja mwelekeo wa miguu, na kuacha nafasi ya kuuliza sababu.

Saliti lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na shina lake huko ni lile lililotupa sultani. Ni kumpa mtu nguvu juu ya mwingine. Mimi huikumbuka maana hiyo kila ninaposikia neno hili, kwa sababu inaonyesha tendo lenyewe: unamchukua aliyekuamini, unamweka chini ya mkono wa asiyemtakia heri. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili imelitumia kwa Yuda Iskariote. Adui hawezi kukusaliti, kwa kuwa hukumpa kitu cha kusaliti. Lazima kwanza kuwe na imani.

Sasa haini. Hili nalo ni la Kiarabu, na kule lilimhusu yeyote anayevunja amana. Hiana, ambalo bado tunalo, ni ndugu yake wa damu. Lakini katika Kiswahili cha leo haini amehamia mahakamani. Uhaini hutendwa dhidi ya nchi au dola, na mwenye utiifu wa nchi hiyo ndiye anayeweza kuutenda. Hatusemi "amemhaini rafiki yake". Kwa hiyo mwenzenu wa pili ana haki nusu: vita peke yake havimfanyi mtu kuwa haini, bali kile alichokivunja. (Mtasikia haini na mhaini, wahaini na mahaini. Mimi hupenda haini, kwa sababu neno hilo tangu Kiarabu tayari ni la mtendaji, halihitaji kuongezewa m-.)

Gaius Baltar, yule mwanasayansi, ndiye anayewafaa kwa mazoezi hapa. Alimruhusu mwanamke aliyempenda kuingia kwenye mfumo wa ulinzi wa makoloni, bila kujua kwamba ni Cylon. Baadaye, akiwa rais, aliusalimisha umma wake kwa Cylon, na akasaini hati ya kuua watu huku bastola ikiwa kichwani pake. Aliposhtakiwa, majaji 3 kati ya 5 walisema hana hatia. Mimi ningesema hivi: kuhusu mfumo wa ulinzi, alivunja amana ya kazi yake. Huo ni ukiukaji mkubwa, lakini uhaini unadai nia, na hakuwa nayo. Kuhusu hati, alisaini, na alilazimishwa. Vitenzi vyote viwili viandikwe, kimoja kisifute kingine. Wanadamu waliojiunga na polisi wa Cylon kuwakamata wenzao usiku hao tuna neno lao, nalo ni vibaraka.

Felix Gaeta ndiye anayenisikitisha kuliko wote, na kwake Kiswahili kina tofauti ambayo mashabiki wengi wanaipita: uaminifu na utiifu. Maneno yote mawili yanaishia na -fu, kiishio cha sifa inayokaa ndani ya mtu, na kwa haraka tunayabadilishana. Mtiifu hutii anachoamriwa. Mwaminifu hushika alichoahidi, hata kama hakuna anayemwona. Gaeta alikuwa akifanya kazi ofisini kwa Baltar wakati wa utawala wa Cylon, akionekana na kila mtu kuwa mtumishi wao, huku akiwapelekea wapiganaji siri. Alama yake ilikuwa bakuli la mbwa: likipinduliwa, kuna ujumbe. Vita vilipokwisha, kundi la kulipiza kisasi lilimkamata na kutaka kumtupa nje angani. Kilichomwokoa ni kulitaja lile bakuli, na mmoja wa waliokuwa wakimhukumu akatambua kwamba ndiye aliyekuwa akimletea habari. Mtu huyo kwa macho alikuwa mtiifu kwa adui. Kwa kweli alikuwa mwaminifu kwa watu wake.

Kisha, miaka iliyofuata, Adama, kamanda wa Galactica, alipofanya ushirika na baadhi ya Cylon, Gaeta akachukua silaha dhidi ya kamanda wake. Huo ni uasi. Mwasi hatendi gizani: anasimama, anasema "sikutii tena", na anajua bei yake. Gaeta aliilipa mbele ya kikosi cha kufyatua risasi. Ukimwita msaliti hapo, unamwondolea jambo moja la haki alilobaki nalo, kwamba alitoka hadharani. Ukimwita haini, sheria ya kijeshi huenda ikakuunga mkono. Lakini alichofanya kwanza kabisa ni kuasi, nami ningeanzia hapo.

Nimemwacha Boomer kwa makusudi. Yeye ni Cylon aliyepandikizwa bila mwenyewe kujijua. Anajiona binadamu, rubani kama wenzake, mpaka siku anapompiga risasi Kamanda Adama mbele ya watu wote. Swali lako ni kama mtu anaweza kuwa msaliti bila kujua. Kwa jinsi wazungumzaji wanavyolitumia neno hili, hapana. Ukimwambia mtu "ulinisaliti", akajibu "sikujua", na ukaamini kwamba kweli hakujua, utalirudisha neno lako: utasema aliponzwa, alitumiwa, alidanganywa. Sarufi inaruhusu hata alisalitishwa, kwa kauli ya kutendeshwa, ingawa ni nadra kulisikia. Na pandikizi ni neno linalomkaa Boomer vizuri, kwa sababu halisemi chochote juu ya nia yake. Linasema tu kwamba kuna mkono uliompanda.

Wenzako wakikuuliza basi methali ipi inamfaa, waambie kikulacho ki nguoni mwako. Chawa hakukusaliti. Hana nia juu yako, hajui hata kwamba una jina. Methali inazungumzia ukaribu wa hatari, haizungumzii uovu wa moyo, na ukaribu huo ndio uliompata Adama.

Hata hivyo usishangilie mapema mbele ya wenzako, maana Boomer ana siku ya pili. Mwishoni mwa tamthilia anarudi Galactica akiwa amejijua vizuri. Tyrol, fundi mkuu wa Galactica aliyempenda tangu zamani, anamtorosha mahabusu akiamini wataanza maisha mapya. Boomer anajifanya Athena, ambaye ni Cylon mwenye sura ileile yake, anamteka Hera, mtoto wa Athena, anaondoka naye kwenda kumkabidhi kwa wale wanaomtaka. Siku hiyo alijua. Imani ilikuwepo, nayo ndiyo aliyoitumia kama ufunguo. Kwa siku ile ya risasi, neno lako lisimame: hakumsaliti mtu. Kwa siku hii ya pili andika kitenzi kizima, na kiambishi chake kikae mahali pake: alimsaliti Tyrol.