Saa za mkono na saa za kungoja

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyemaliza shule ya ufundi alikuja karakanani kwangu, mtaa wa Katuba hapa Lubumbashi, kuomba kujifunza kazi. Siku tatu alikaa akitazama tu. Siku ya nne, tukiwa tunanawa mikono, akaniuliza kwa adabu, macho yakiwa chini: "Papa, watu wanasema mota zako hazirudi. Mbona unafunga saa kumi? Pesa unaipata saa ngapi?"

Wengi mnaokuja kujifunza kwangu mnaniuliza hilo hilo kwa njia moja au nyingine. Kuna mliosikia kwenye simu kwamba anayefanikiwa ni yule anayefanya kazi kidogo na kula raha. Kuna waliolelewa na "mchumia juani hulia kivulini", na nyumbani kwao jua lilisisitizwa sana, kivuli hakikutajwa. Nawajibu kwa urefu, maana jibu hili lilinigharimu miaka na shaba nyingi.

Kazi yetu ni bobinaji, yaani kusuka upya mota zilizoungua. Hapa mjini zinaungua kila siku. Umeme ukishuka, mota inavuta ampea nyingi zaidi ili isukume mzigo uleule. Fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme, ikikatika, mbili zilizobaki zinabeba kazi ya tatu. Joto linapanda, vanishi iliyofunika waya inababuka, waya unagusana na mwenzake, na moshi unatoka. Mwenye mashine ya kusaga unga anakuja mbio, kwa sababu mtaa mzima unangoja bukari, yaani ugali.

Nilipofungua karakana yangu nilikuwa naingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa nne usiku, mara nyingine saa sita. Jumapili nayo nilifanya kazi. Nilijivunia hali hiyo. Mtu akinipitia usiku akaona taa, nilifurahi moyoni kwamba ameniona. Niliamini kwamba fundi mwenye saa nyingi ndiye mwenye pesa nyingi.

Tarehe 14 Desemba 2010, jioni, mama mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, alikuwa amenikabidhi mota ya mashine yake. Ilikuwa na mifereji 36 ya kulazia waya, na kila bobini, yaani kila fungu la waya uliozungushwa, ilitaka mizunguko 34. Nilikuwa nimeanza asubuhi, sijala mchana. Siku ile Mazembe, klabu yetu ya mpira, walikuwa Abu Dhabi wakicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu na Internacional ya Brazil. Vijana wangu waliomba ruhusa, nikawapa. Mimi nikabaki. Nikawaambia mpira haulipi kodi ya nyumba.

Nilikuwa nahesabu mizunguko kwa mdomo Kabangu wa Mazembe alipofunga. Katuba yote ililia. Nikasimama, mkono kwenye waya, nikasikiliza, nikarudi kwenye hesabu. Baadaye Kaluyituka akafunga la pili, na hapo sikusikia tena hata sauti yangu. Watu walitoka barabarani, wakapiga masufuria, wakakaa chini na kurukaruka kwa matako kama kipa Kidiaba. Klabu ya Afrika ilikuwa imefika fainali ya dunia kwa mara ya kwanza, na klabu yenyewe ilikuwa ya kwetu Lubumbashi. Mimi nilikuwa nimeinama chini ya taa, nakaza uzi kwenye vichwa vya bobini.

Mota ile ilirudi baada ya siku mbili. Bobini moja nilikuwa nimeifunga kinyume, mwisho wa waya mahali pa mwanzo wake. Mota ya namna hiyo inawaka, lakini inanguruma na kutetemeka, na inapata joto upesi mpaka inaungua tena. Mama hakupiga kelele. Aliweka kiganja chake juu ya chuma kilichokuwa bado cha moto kidogo, akaniangalia, akasema: "Papa fundi, siku ile ulilala kweli?"

Nilinunua shaba upya kwa pesa yangu. Mniruhusu niseme jambo moja hapa, maana linaniuma tangu zamani. Tunaishi juu ya shaba. Tanuru la kwanza la kuyeyusha shaba hapa liliwaka mwaka 1911, na mji wenyewe ulizaliwa kwa ajili yake. Lakini waya wa shaba wenye vanishi, huu tunaosukia mota, tunauagiza kutoka nje na kuulipa kwa dola. Kwa hiyo katika kazi yetu kosa lina bei kubwa kuliko uvivu. Kazi ya mikono ukiirudia umepoteza siku moja. Waya ukiutupa umekula faida ya mota mbili zijazo. Na mama yule alipoteza siku tatu za kusaga, wateja wake wakazoea kwa jirani.

Baada ya hapo nikanunua daftari. Kila mota iliyorudi niliandika: ya nani, kosa gani, na bobini nilizisuka saa ngapi. Mvua za mwaka uliofuata zilipokwisha, nilikuwa na mota saba zilizorudi, na tano kati ya hizo nilizisuka baada ya giza kuingia. Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu. Saa nilizokuwa najivunia ndizo zilizokuwa zinanimaliza.

Nikaweka sheria ambayo mtaikuta ukutani: baada ya saa kumi hakuna kuhesabu. Mwanzoni niliendelea kubaki jioni nikikata karatasi za kuhami, nikisafisha mifereji, nikipaka grisi. Polepole nikaona kazi hizo nazo zinaingia mchana, saa ambazo zamani tulikuwa tunapiga soga tukingoja vanishi ikauke. Nikaanza kufunga. Pesa haikupungua. Mwaka wa kwanza ilibaki palepale, wa pili ikapanda, kwa sababu mota ziliacha kurudi na wenye mashine waliambiana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Mwanafunzi mmoja niliyekuwa naye alisikia hadithi hii, akaelewa kwamba siri ni kufunga mapema. Akawa anaondoka saa sita mchana, anasema anatunza akili. Baada ya mwaka alikuwa hajui kusoma mchoro wa mota yenye kasi mbili. Kijana mwema, mwenye kipaji, lakini mkono wake ulikuwa haujala chumvi ya kutosha. Aliacha kazi, na mpaka leo najilaumu kwamba sikumweleza sawasawa.

Ningemweleza hivi. Karakana ina saa za aina mbili. Kuna saa za mkono, ambapo waya uko kwenye vidole na akili iko kwenye waya. Na kuna saa za kungoja: tunangoja umeme urudi, vanishi ikauke, mwenye mota alete pesa ya malipo ya kwanza. Ukitoka nyumbani kumi na mbili na kurudi usiku, unasema umefanya kazi saa kumi na nne. Zihesabu zile za mkono tu. Siku zangu za sifa zile, za mkono hazikuzidi saba, na mbili za mwisho zilikuwa za kuharibu. Anayeanza hana haki ya kupunguza saa za mkono. Huyo anazihitaji nyingi kuliko mimi. Saa za kungoja ndizo za kukatwa, pamoja na zile za uchovu.

Binti yangu anayesoma saikolojia hapa chuo kikuu alinieleza utafiti wa Anders Ericsson na wenzake, wa mwaka 1993, juu ya wanafunzi wa fidla huko Berlin. Waliokuwa bora walifanya mazoezi peke yao zaidi ya saa tatu kwa siku, na kundi la chini halikufika hata nusu ya hizo. Wanaopenda kusema "fanya kazi kwa bidii" huishia hapo. Lakini binti yangu aliendelea: wale wale bora ndio waliolala zaidi. Walifanya mazoezi kwa vipindi, wakapumzika katikati, na mchana wengi walijilaza kidogo. Nilifurahi sana, kwa sababu daftari langu la Katuba lilikuwa limeniambia jambo lile lile. Bora wao hakufanya kidogo. Alifanya akiwa mzima.

Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru la kampuni ya migodi. King'ora kililia mara tatu kwa siku, na kila kilipolia watu walibadilishana. Tanuru halikuzimwa usiku wala mchana, lakini hakuna aliyetegemea mtu mmoja alisimamie usiku na mchana. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inaweka saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Karakana za mtaani hakuna anayekuja kukagua, ndiyo maana tunajitesa wenyewe. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitangaza mwaka 2021 kwamba mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 hivi, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Mimi nilikuwa napita 90. Sikujua.

Na mtazame kibandiko cha mota, kile cha chuma tunachosoma kabla ya kufungua chochote. Kando ya volti na ampea mtaona S1, S2 au S3. S1 ni mota ya kuzunguka bila kusimama. S2 inazunguka kwa muda mfupi ulioandikwa, kisha inaachwa ipoe kabisa. S3 inazunguka na kupumzika kwa zamu. Mota ya S3 si dhaifu, inaweza kunyanyua mzigo mzito kweli. Ukiilazimisha ifanye kazi ya S1 utaikuta mezani kwangu. Mafundi wana kanuni ya zamani: kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango chake, umri wa vanishi unakatika nusu. Haijalishi mzigo ulikuwa wa maana kiasi gani.

Kuhusu raha. Mnaniuliza kama kuipenda kazi kunaleta mafanikio. Kwangu mapenzi yalichelewa. Mwaka wa kwanza sikupenda kitu. Vidole vilikuwa vinatoka damu kwa kusukuma waya kwenye mifereji. Raha ilikuja siku nilipoweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha mota, nikaegemeza sikio kwenye mpini wake, na nikasikia chuma kinazunguka kimya, bila kukwaruza wala kunguruma, kama maji yanayopita mbali. Mwalimu wangu alikuwa ananitazama. Hakusema neno, alinipa bisibisi ile. Tangu hapo sikuhitaji kusukumwa. Kwa hiyo mkiona mwezi wa pili kazi inawachosha na haina utamu, msikimbie. Utamu unaingia kupitia vidole, na unachukua muda wake.

Kuna raha nyingine, ya nje ya karakana. Jumamosi mchana nakwenda uwanjani Kamalondo kama kuna mechi, Jumapili naimba kanisani, jioni nakula bukari na sombe, yaani kisamvu, na watoto wangu wakiwa bado macho. Kwa miaka mitatu niliwaona wamelala tu. Raha hiyo nayo inarudi kazini: Jumatatu nikishika waya, hesabu haipotei.

Siwezi kuwaambia kwamba kila mtu anaweza kufunga saa kumi. Mama anayeuza makaa kando ya barabara akifunga mapema watoto wanalala njaa, na nikimwambia apumzike nitakuwa namtukana. Mimi pia nisingeweza siku ya kwanza. Ninaweza leo kwa sababu mteja anakubali kungoja mpaka kesho, na anakubali kwa sababu mota ya jana haikurudi. Nyinyi mtafika huko kwa mota moja moja. Msipunguze bei ili mpate nyingi, kwa sababu bei ndogo ndiyo inayowarudisha kwenye taa ya usiku.

Usiku ninafungua kwa jambo moja tu, pampu ya maji ya zahanati au ya hospitali. Hapo sisuki peke yangu. Mmoja anazungusha, mwingine anahesabu kwa sauti na kuandika, na kila nusu saa tunabadilishana.

Mnaoanza Jumatatu, fikeni saa moja na nusu. Mje na daftari, penseli na kitambaa safi. Simu zitakaa kwenye lile kopo la rangi mlangoni. Wiki ya kwanza hamtasuka. Mtavunja bobini zilizoungua, mtahesabu mizunguko ya zamani, na kila mizunguko kumi mtachora mstari mmoja. Mtu akiitwa katikati, amalize kumi zake kwanza ndipo aitike, hata kama ni mimi ninayeita. Saa sita tunakula, wote pamoja, tukiwa tumekaa. Mota yenu ya kwanza iko chini ya meza ya mwisho, ya nguvu-farasi tatu, mifereji 24. Kibandiko chake kimefutika nusu. Kisugueni polepole kwa kitambaa, mniandikie kila herufi mnayoiona, na msiifungue kabla sijafika.