Take off: tazama kwanza kama kuna yambwa

Ndugu, umeuliza utazikaririje maana zote za kitenzi cha Kiingereza "take off", kuanzia kuvua hadi kupaa. Usizikariri kwa orodha. Orodha hutoka kichwani upesi. Tazama kama kitenzi kina yambwa, yaani kitu kinachotendwa. "The plane took off" haina: ndege imepaa. Biashara ikishika kasi ghafla, au mtu akiondoka haraka, ni vivyo hivyo. "Take off your shoes" inayo: vua viatu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo pazingatie sana: kiwakilishi lazima kikae katikati, "take them off", kamwe si "take off them". "Take Monday off" ni kupumzika kazini Jumatatu. Kila maana iandikie sentensi nzima ambayo wewe mwenyewe ungeisema.